Waliosubiri Ruhusa

Njia nzima kutoka Bariadi mjini, alikopitia kazini asubuhi, kurudi kwao Kasoli, Shija Ngassa alikuwa akiyasema maneno ya mama yake kwa sauti, peke yake juu ya pikipiki, ili ulimi uyazoee.

"Kabula, mama amesema usiende."

Hapana. Hayo yalikuwa makavu mno.

"Kabula mpenzi wangu, mama anaona safari yako ingesubiri kidogo."

Hayo nayo yalikuwa na uongo ndani yake, maana mama yake, Ng'washi, hakusema habari ya kusubiri. Alikuwa ameshika mwiko wa ugali, akamtazama mwanawe usoni, akasema kwamba huyo msichana akipanda ndege kwenda Harare, ng'ombe hawatoki zizini. Ng'ombe hao walikuwa mahari ya Kabula. Siku ya kuwaswaga hadi kwa baba yake, mzee Mayala wa Sapiwi, ilikuwa imeshapangwa na wageni wamealikwa. Halafu mkutano wa wasomi alioalikwa Kabula huko Harare ukaja kuangukia juma lilelile, utadhani umepangwa na mtu mwenye kijicho.

Basi Shija akatumwa. Mwanaume mzima mwenye ndevu zake, mnunuzi wa pamba ambaye wakulima wa kata nzima walimwogopa kwa jicho lake kali juu ya mizani, anatumwa na mama yake kwenda kumkataza mwanamke safari! Mwenyewe alijionea aibu. Lakini baba yake alikuwa amekwisha fariki, Ng'washi hakuwa na mtoto mwingine, na tangu azaliwe Shija hakuwahi kumwambia mama yake hapana.

Hakuwa na mtoto mwingine aliye hai, tuseme. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, na hilo kila Msukuma analijua. Kwa hiyo yeyote aliyemsikia akiitwa alijua kwamba mbele yake walipita Kulwa na Doto. Ila nyumbani kwao majina hayo hayakutajwa. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, "Mama, wale wenzangu walikwenda wapi?" Ng'washi akajitwika mtungi, akaenda kisimani kuchota maji, na mitungi yote ya nyumba ilikuwa imejaa. Shija hakuuliza tena.

Alipofika Kasoli jua lilikuwa limepita utosini. Ghala lilikuwa palepale pembeni mwa barabara, la mabati juu na mabati ubavuni. Zamani lilikuwa la chama cha msingi, na sasa kampuni aliyofanyia kazi, mojawapo ya yale makampuni ya watu binafsi yaliyoingia Bariadi tangu biashara ya pamba ifunguliwe, ililikodi kila msimu. Ndani yake wanawake walikaa chini wakichambua pamba, safi upande huu, fifi, yaani ile chafu, upande ule, midomo nayo haikupumzika.

Ni humo alimomwona Kabula kwa mara ya kwanza. Alidhani ni kibarua mgeni, akamkaripia kwamba anachambua polepole. Wanawake wakaangua kicheko mpaka wengine wakalala juu ya pamba.

"Huyo ni msomi wa chuo kikuu, wewe! Kaja kutuuliza habari za uzazi!"

Kabula akainua uso, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nywele, akasema bila kucheka, "Samahani, bosi. Nitaongeza mwendo." Tangu siku hiyo usingizi wa Shija ukaharibika.

Kabula alikuwa muuguzi mkunga kabla ya kwenda Dar es Salaam kusoma. Aliporudi kufanya utafiti wa shahada ya pili aligundua mapema kwamba mwanamke wa Kasoli ukimketisha kwenye kiti, ukamkabili na kalamu, atakujibu "sijui" mpaka jua lizame. Lakini mpe pamba mikononi, macho yake yawe chini kwenye kazi na yako yawe chini kwenye kazi, atakusimulia mambo ambayo hajamwambia hata dada yake. Basi Kabula akachambua pamba. Alichambua msimu wa kwanza, akachambua na wa pili, vidole vikichanwa na maganda makavu ya vitumba, na jioni akirudi chumbani kwake mtaa wa Somanda aliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Shija alipoanza kumpenda, alianza kuvipenda hivyo vidole vyenye makovu kabla ya kitu kingine chochote.

Siku hiyo alimkuta amesimama nje ya mlango wa ghala, karatasi mkononi, kama mtu anayejikaza kabla ya kuingia kwenye maji baridi.

"Mwadila, bosi," Kabula alimsalimia.

"Mwadila." Shija akazima pikipiki. Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yakamtoroka.

"Umekuja kununua pamba au umekuja kuniona?"

"Nimetumwa."

Tabasamu la Kabula likapungua. "Na mama."

"Na mama."

"Haya. Sema."

Shija alitazama chini, akatazama pikipiki, akatazama kila kitu isipokuwa macho ya yule mwanamke. Kabula alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema, hata kama bado hajaanza.

"Anasema ukienda Harare, ng'ombe hawatoki zizini."

Kabula hakushtuka. Alizikunja zile karatasi, akazikunjua tena.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niko katikati, Kabula."

"Sijakuuliza uko wapi. Nimekuuliza unasemaje."

"Nasema watu wamealikwa!" Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Wajomba wanakuja, majirani wanakuja, mzee Mayala anachinja. Halafu bibi harusi mwenyewe hayupo! Wakiuliza yuko wapi nijibu nini? Kwamba yuko Harare anawahadithia wageni habari za matumbo ya wanawake wa Kasoli? Watatucheka. Watamcheka mama yangu."

"Wacheke," Kabula alisema taratibu. "Shija, unajua kule wanakutana watu gani? Wametumia maisha yao yote kusoma habari za wanawake na afya zao. Wengine ndio walioandika vitabu nilivyofundishiwa ukunga. Nilikuwa nayasoma majina yao kwenye jalada, nikidhani ni watu waliokwisha kufa. Sasa wameandika kwamba wanataka kunisikia. Mimi, binti wa Mayala mchunga ng'ombe wa Sapiwi. Wamenipa asubuhi ya siku ya kwanza, ukumbi mzima. Wakinisikiliza, nitapata pa kuendelea na kazi hii, na huenda hata wakubwa wa afya wa hapa kwetu wakanisikiliza. Nisipokwenda, nafasi atapewa mwingine. Na wanawake hawa watabaki kabatini kwangu, wanaliwa na mchwa."

Alipokuwa anasema hivyo uso wake uling'aa, na Shija, pamoja na hasira zake, alijikuta amesahau kupumua. Mungu wangu, alijiuliza, huyu mtu amenipendea nini mimi? Halafu akakumbuka mwiko wa ugali.

"Nakuelewa," alisema. "Naapa nakuelewa. Lakini si ungeomba ruhusa kwanza? Kwa mama, kwa wazee. Ukaenda vizuri, ukapiga magoti, ukasema jamani nina safari, naomba ruhusa..."

"Ruhusa," Kabula alirudia.

Alilisema neno hilo kwa namna iliyomfanya Shija ainue macho. Macho yake yalikuwa yamejaa maji ghafla, na Kabula hakuwa mwanamke wa kulia ovyo.

"Nimekukosea?"

"Hujui unachokisema, Shija. Wala si kosa lako." Akajifuta kwa kiganja. "Hata hivyo, bado sijajua kama naenda. Wapo wa kuamua, na si mama yako, wala si mimi."

"Nani?"

"Wamo humo ndani. Niliwaahidi kwamba kabla neno lolote halijavuka Bariadi, nitakuja niwasomee. Mmoja wao akisema simulizi yake isiende, haiendi. Na ipo simulizi moja ambayo ikitoka, sina cha kusimama nacho mbele ya wale watu. Nitarudisha nafasi yao."

"Ya nani hiyo?"

"Sikwambii."

"Hata mimi, Kabula? Mchumba wako?"

"Hata ukinioa. Hata tukizeeka pamoja mpaka meno yatutoke." Akamgusa kifuani, kidogo tu, kwa ncha za vidole vyake vyenye makovu. "Kaa hapa nje, bosi. Humo ni wanawake tu."

Mlango ukafungwa. Shija akabaki na joto la vidole vile shatini. Kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, akakaa juu ya mizani mikubwa ya pamba iliyokuwa imetolewa nje, mshale ukazunguka na kusimama kwenye uzito wake.

Hajakaa sana, akamwona mama yake anakuja kwa miguu.

Ng'washi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Shija akainuka haraka.

"Mayu! Umetoka wapi?"

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amejibu nini?"

"Amesema wa kuamua wamo ndani."

Ng'washi alisimama akiutazama ule mlango. Akafungua kitenge kiunoni, akakifunga upya, akafungua tena. Shija alikuwa amewahi kumwona mama yake akimzalisha ng'ombe gizani na akimzika mume, na mara zote hizo mikono yake haikuhangaika hivyo.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Na wewe umealikwa humo?"

Ng'washi alisukuma mlango, akaingia.

Ukuta wa mabati hauna siri. Shija hakutega sikio, tumwamini, lakini hakuziba masikio pia. Alimsikia Kabula akiwakaribisha kwa Kisukuma, lugha waliyonyonya nayo wote, akiwaambia kwamba leo hakuna kumwogopa mtu. Kisha akaanza kusoma.

Alisoma habari za mwanamke aliyelima mpaka siku ya kujifungua. Alisoma habari za mwingine aliyevuja damu na kuificha, akiogopa kuitwa mchafu. Alisoma za mmoja aliyesaidia wengi kujifungua na yeye mwenyewe hakupata mtoto. Kila aliposoma alisimama, akauliza, "Mwenye haya maneno, yaende au yabaki?" Na sauti moja baada ya nyingine ikajibu, yaende.

"Hapo umeniandika sawasawa," alisema Salu, mchambuaji pamba mkongwe ambaye kila msimu aligombana na Shija juu ya fifi. "Ila ongeza kwamba mume wangu alipoona damu alianguka, tukamhudumia yeye kwanza."

Wakacheka. Shija naye akatabasamu kule nje, kisha tabasamu likamganda. Wanawake hawa aliwajua. Alikuwa amezipima pamba zao gunia kwa gunia, amewabishia, amewatania, na kumbe hakuwa amewajua hata kidogo. Kila mmoja wao alikuwa amebeba jambo zito kama mlima, akaja nalo mpaka kwenye mizani yake, akapokea fedha zake, akaondoka nalo. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyekaa chini akalipokea. Shija alivua kofia bila kujua anamvulia nani.

"Sasa nasoma ya mwisho," sauti ya Kabula ilisema. "Huyu nimemwita mama mmoja wa Kasoli. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Alisikika akigeuza karatasi.

"Uchungu ulimshika alfajiri, siku zake zikiwa hazijatimia. Mumewe alikuwa mbali pamoja na mifugo, walikofuata majani ng'ambo ya mto Simiyu. Baba mkwe alikuwa amekwenda msibani kijiji cha mbali. Uani palikuwa na mkokoteni. Palikuwa na maksai wawili, wameshiba. Palikuwa na shemeji anayejua kuwafunga nira. Mama mkwe alikuwepo, mawifi walikuwepo, na wote waliijua njia ya kwenda zahanati. Lakini maksai walikuwa mali ya baba mkwe, na hapakuwa na mwenye kauli ya kusema wafungwe. Akatumwa mtu aende msibani kuomba ruhusa."

Neno hilo lilimpata Shija kama kofi.

"Asubuhi alizaliwa wa kwanza. Alikuwa mdogo sana, akalia. Wa pili hakuja. Mama huyu aliniambia walikuwa wamemlaza karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale alikolala aliwaona wale maksai. Mchana kutwa aliwaona. Walikuwa wamesimama kivulini, wanacheua. Ruhusa ilifika jua linazama. Baba mkwe alisema mpelekeni, mpelekeni upesi, na alilia alipoambiwa, maana hakuwa mtu mbaya. Wa pili alikuwa amekwisha zaliwa, hana pumzi. Wa kwanza akamfuata mwenzake usiku uleule."

Shija alijishika magoti. Akina Shija ni wengi, alijiambia. Hata fundi baiskeli wa pale sokoni ni Shija. Akajiambia hivyo tena.

"Vitabu vingi nilivyosoma," Kabula aliendelea, "vinasema wanawake wa vijijini wanachelewa hospitali kwa kuwa hawajui, au kwa kuwa wanang'ang'ania mambo ya kale. Mimi nimekaa nanyi misimu miwili. Mlijua. Karibu nyote mlijua. Mlikuwa mnasubiri ruhusa. Hilo ndilo ninalotaka kwenda kulisema mbele ya wale waandishi wa vitabu. Na niwaambie kwamba kijiji kinaweza kukaa chini mapema, kikakubaliana kwamba uchungu ukimshika mwanamke, mkokoteni wowote ulio karibu ufungwe, ng'ombe wawe wa nani wasiwe wa nani. Radhi itaombwa baadaye."

Hakuna aliyepiga makofi. Shija alisikia mtu akivuta kamasi, na mwingine akisema "mayu, mayu" kwa sauti ya chini. Alikuwa amesikia mapadri, amesikia wanasiasa, na hakuwahi kusikia mtu akisema jambo likaingia namna ile.

Ndipo Salu akauliza, kama kawaida yake ya kuuliza yasiyoulizwa, "Na huyo mama, baada ya hapo Mungu alimpa mwingine?"

"Mayu Salu, hilo sikuliandika."

"Kwa nini? Watu watataka kujua."

"Kule ningeweza kulisema, wasingeelewa kitu. Lakini hapa Kasoli, nikisema alimpa mwingine, nimekwisha mtaja mtoto kwa jina." Kisha Kabula akasema kwa taabu, "Mwenye maneno haya, yaende au yabaki? Yakibaki, nami nabaki. Sitakuwa na kinyongo. Naapa mbele ya Mungu."

Bati la paa lililia kwa joto.

"Alimpa." Ilikuwa sauti ya Ng'washi. "Alimpa mvulana. Yuko hapo nje, amekalia mizani."

Shija hakukumbuka baadaye jinsi alivyoinuka.

"Shija!" mama yake aliita. "Ingia."

Aliingia. Wanawake wote walikuwa wamekaa chini, pamba imewazunguka, na hakuna aliyemkataza. Kabula alikuwa amesimama katikati, machozi yanamtiririka, na alimtazama Shija kama mtu anayesubiri hukumu. Kumbe amejua siku zote. Alijua tangu kabla hajamjua yeye, tangu siku ile alipoinua uso na kusema samahani bosi. Wamekula pamoja, wamecheka, wamepanga harusi, mama amemnunia, mama amemsema vibaya mbele ya majirani, na mara moja tu neno hilo lingemnyamazisha mama. Hakulitumia. Shija alihisi kama amesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye na kuliko mapenzi yake yote.

"Kaa, mwanangu," Ng'washi alisema.

Akakaa kwenye fifi.

"Mimi nilikutuma leo useme ng'ombe hawatoki zizini." Ng'washi alikuwa anamtazama yeye, lakini alisema ili wote wasikie. "Nilisema ni kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya wageni. Uongo. Niliogopa hayo maneno yangu yasipande ndege. Nimeyalalia tangu baba yako yu kijana. Huyu msichana nilimpa hapahapa tukichambua pamba, kwa sababu hanijui, simjui, na mikono ilikuwa na kazi. Kisha ukaniletea mtu yuleyule, ukasema, mama, huyu ndiye. Nikaona nimevuliwa nguo nyumbani kwangu."

"Mama..."

"Ngoja. Leo nimekuja hapa kusema yabaki. Nimevaa hadi kitenge cha kanisani ili niseme yabaki. Lakini nimemsikia akisoma. Nikajisikia mimi mwenyewe nilivyosema asubuhi. Ng'ombe hawatoki zizini. Mimi! Niliyelala pale mlangoni nikiwatazama wanacheua!"

Salu alimshika mkono. Ng'washi akauacha ushikwe.

"Kabula ng'wana Mayala."

"Abee, mayu."

"Hapo ulipoandika mama mmoja wa Kasoli, futa. Andika Ng'washi."

"Mayu, si lazima. Kule hawahitaji jina. Nimekulinda kwa..."

"Najua umenilinda. Wabeja, asante. Sasa andika. Na wanangu wana majina, uwataje. Kulwa alikuwa msichana. Doto alikuwa mvulana." Akakomea hapo, akavuta pumzi. "Kulwa alilia. Usisahau kuwaambia hao wakubwa kwamba alilia. Sauti yake nilikuwa naisikia mimi peke yangu siku zote hizi."

Kabula aliinamia karatasi, akaandika. Shija alimsogelea mama yake kwa magoti, palepale juu ya pamba aliyokataza watu kuikanyaga, akaweka kichwa pajani pake, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mchunga ndama. Kulwa na Doto. Alikuwa amelibeba jina lake maisha yote, na leo ndiyo kwanza anakutana na ndugu zake.

"Ng'ombe watatoka siku ileile," Ng'washi alisema juu ya kichwa chake. "Awepo, asiwepo. Wageni watakula, na anayetaka kucheka acheke. Nitamwambia mzee Mayala mwenyewe kwamba binti yake amekwenda kwa kazi yangu."

"Ayiiyiiyii!" Salu alipiga kigelegele, na ghala zima likapokea mpaka mabati yakatetemeka.

Kelele zilipotulia, Kabula alikunja karatasi zake. Alikuja akapiga goti mbele ya mama na mwana. Uso wake ulikuwa umelowa, una vumbi la pamba, na Shija hakuwahi kuona uso mzuri kama ule. Kabula alimtazama, haya imemshika.

"Shija," alianza, "najua hatukuzungumza vizuri pale nje. Harusi ni yako pia. Naomba ruhu..."

"Usimwombe," Ng'washi alimkata. "Huyo usimwombe ruhusa, mwanangu. Muage."

Kabula aliinua macho.

"Shija, naenda."

Shija alifungua kinywa amwambie nenda, akaona hata hilo halikuwa lake kulitoa. Akasimama, akajikung'uta pamba magotini, akatoa ufunguo mfukoni.

"Pikipiki hiyo hapo nje," alisema. "Wewe sema tu tunaondoka lini."